Macho ya mgonjwa aliye kwenye kemo ya saratani ya damu: mwongozo kwa anayeuguza

Jicho likiamka jekundu hapa Dar es Salaam, wengi tunajua pa kuanzia: duka la dawa la mtaani, kichupa cha matone, na baada ya siku tatu habari imekwisha. Mgonjwa wa saratani ya damu aliye kwenye matibabu asipitishwe njia hiyo. Kwake wekundu ule ule unaweza kuwa damu iliyovuja kwa sababu chembe sahani zimeshuka, au konea, kile kioo cha mbele ya jicho, iliyochubuka kwa dawa ya kemo, au maambukizi yaliyomkuta hana kinga, au saratani yenyewe imeingia jichoni. Ukitazama juu juu, yote manne yanafanana. Yanatenganishwa na maswali matatu: dawa gani imeingia mwilini, leo ni siku ya ngapi tangu iingie, na kipimo cha damu cha mwisho kilisemaje.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya anayeuguza ni daftari, kabla ya dawa yoyote ya macho.

Daftari na namba tatu

Chukua daftari la kurasa 40, chora safu: tarehe, dawa na saa iliyoingia, joto la mwili, namba za damu, macho. Kila FBP, yaani kipimo kamili cha chembe za damu, ikitoka, nakili namba tatu au ipige picha kwa simu kabla karatasi haijaingia kwenye faili. Faili linabaki hospitali, na shida ya macho ina tabia ya kuanza usiku wa manane ukiwa nyumbani.

PLT ni chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Kawaida ni kati ya 150 na 400. Zikishuka chini ya 50, hasa wekundu wa damu nao ukiwa chini ya 8, mishipa midogo ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inaweza kuvuja yenyewe bila mgonjwa kujigonga popote. HGB ndio huo wekundu wa damu. Ukipungua sana, kuta za mishipa ya retina zinakosa oksijeni, zinalegea, na damu inapita kirahisi zaidi. Ndiyo maana namba hizi mbili zinasomwa pamoja.

NEUT ni nyutrofili, chembe nyeupe zinazowahi bakteria na fangasi. Zikiwa chini ya 0.5, maambukizi hubadilika sura. Usaha na tongotongo nzito vinatokana na hizo hizo nyutrofili. Zisipokuwepo, jicho linaweza kushambuliwa vikali huku likitoa machozi mepesi tu. Watu wengi hutulia wakiona jicho "halina uchafu". Kwa mgonjwa huyu, kukosa uchafu si habari njema wala mbaya, haikuambii kitu.

Kwa kemo nyingi namba hushuka hadi chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Zizungushie siku hizo wino mwekundu kwenye daftari.

Dakika tatu kila asubuhi

Retina haina hisia ya maumivu. Jicho moja linaweza kupoteza uoni wote wa katikati, mgonjwa asijue, kwa sababu jicho la pili linafidia. Kwa hiyo pima jicho moja moja, wakati ule ule, mahali pale pale, mwanga ule ule. Anayevaa miwani apimwe akiwa nayo.

Tundika kalenda ya ukutani, mgonjwa akae mita 3 kutoka hapo. Afunike jicho la kushoto kwa kiganja bila kulikandamiza, asome tarehe, kisha abadilishe. Andika mstari mdogo kabisa anaousoma kwa kila jicho. Jana alisoma majina ya siku, leo anaona namba kubwa tu: hayo ni mabadiliko, hata kama mwenyewe anasema yuko sawa.

Halafu chukua ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba, weka nukta nyeusi katikati, ushikwe sentimita 30 hivi kutoka usoni. Funika jicho moja, la pili litazame nukta. Mistari ikipinda, sehemu ikifutika, au nukta ikimezwa na doa, kuna jambo katikati ya retina: damu, au maji yaliyojikusanya chini yake, jambo linaloweza kuletwa na dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe kama prednisoloni na deksamethasoni.

La mwisho ni rangi. Shika kifuniko chekundu cha chupa ya soda mbele ya jicho moja, kisha la pili. Wekundu ukionekana umefifia kwa jicho moja, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, huenda mshipa wa fahamu wa jicho hilo una shida. Kipimo hiki cha bure hugundua mambo ambayo kalenda haigundui, nasi hatuelewi kwa nini wagonjwa wengi hawafundishwi.

Kwa mtoto asiyejua kusoma, tazama mwenendo: anakaa karibu na televisheni, anainamisha kichwa upande mmoja, anagonga vitu vya upande ule ule, analia ukimfunika jicho moja lakini halii ukifunika la pili. Hilo la kilio ni ushahidi mzuri sana. Mtoto hapendi kufunikwa jicho linaloona.

Ara-C na matone ya kila saa sita

Hapa ndipo kosa dogo la ratiba linapoleta maumivu makubwa, na ndipo kinga inapofanya kazi vizuri kuliko mahali pengine pote.

Saitarabini, kwenye karatasi ya dawa huandikwa Ara-C, ikitolewa kwa dozi kubwa ya gramu 1 hadi 3 kwa kila mita ya mraba ya mwili, inaingia hadi kwenye machozi. Kazi yake ni kuua chembe zinazogawanyika haraka, na ngozi ya juu ya konea hugawanyika kila siku. Dawa haijui tofauti. Matokeo: macho mekundu yote mawili, machozi, hisia ya mchanga, mwanga kuchoma, uoni wa ukungu. Mgonjwa anajifunika shuka usoni mchana kweupe. Kwa kawaida huanza ndani ya wiki moja tangu dozi ya kwanza. Dozi ndogo ya chini ya ngozi, au sindano ya uti wa mgongo, kwa kawaida hazihitaji kinga hii.

Kinga ni matone ya steroidi, mara nyingi deksamethasoni ya asilimia 0.1, tone 1 au 2 kila jicho kila baada ya saa 6, kuanzia kabla ya dripu ya kwanza hadi siku 2 au 3 baada ya dripu ya mwisho, kadiri daktari atakavyoandika. Saa za Kiswahili zimeifanya ratiba iwe nyepesi kukumbuka: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Ya saa 6 usiku ndiyo inayorukwa. Weka kengele ya simu, kwa sababu nesi wa zamu anaweza kuwa peke yake na wodi nzima.

Tuchukue mpango unaotumika sana: dripu kila baada ya saa 12 katika siku ya 1, ya 3 na ya 5. Matone yanaanza asubuhi ya siku ya 1 kabla dripu haijafunguliwa, yanaendelea siku ya 2 na ya 4 ingawa hakuna dripu, na yanakwisha siku ya 7 au ya 8. Makosa mawili hujirudia. Moja ni kuruka siku zisizo na dripu. La pili ni mgonjwa kuruhusiwa siku ya 6 na kichupa kubaki kwenye kabati la wodi. Muulize nesi kabla hujabeba mfuko.

Hesabu kichupa pia. Chupa ya mililita 5 ina matone kama 100. Tone 2 kwa macho mawili mara 4 kwa siku ni matone 16. Kwa siku 8 ni 128, na bado hujahesabu yanayomwagikia shavuni. Chupa moja haitoshi. Zipatikane mbili mapema.

Namna ya kudondosha, kwa sababu nusu ya dawa huishia kwenye mto:

1. Nawa mikono kwa sabuni, kausha kwa kitambaa safi cha kwako peke yako.
2. Dawa ikiwa ya maziwamaziwa, tikisa chupa. Steroidi nyingi za macho hutuama chini. Usipotikisa, siku za mwanzo unadondosha maji matupu.
3. Mgonjwa atazame juu. Vuta kope la chini kwa kidole hadi litengeneze kimfuko.
4. Dondosha tone moja ndani ya kimfuko. Ncha ya chupa isiguse kope, nywele za kope wala kidole.
5. Afumbe polepole bila kukaza, na abonyeze kona ya ndani ya jicho, pale karibu na pua, kwa dakika 1 hadi 2. Hapo ndipo mfereji wa machozi unapopita. Ukiubana, dawa inabaki jichoni badala ya kushukia kooni kwa uchungu.
6. Kama ni matone mawili, au kuna dawa ya pili, subiri dakika 5. Kimfuko cha jicho hakibebi hata tone moja zima; la pili likija papo hapo linalisukuma la kwanza nje. Marhamu hupakwa mwisho.

Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo. Siku 28 zikipita, tupa hata kama imebaki nusu. Na chupa hii isiingie kwenye droo ya "dawa za macho za nyumbani". Steroidi ikidondoshwa kwenye jicho lenye kirusi cha hepesi inaweza kulitoboa, na ikitumika wiki kadhaa hupandisha presha ya jicho kimyakimya. Siku nane za Ara-C hazina hatari hiyo kubwa. Tabia ya kuendelea kudondosha "kwa usalama" ndiyo yenye hatari.

Macho yakiuma licha ya matone, mwambie daktari siku hiyo hiyo, aongeze idadi ya matone au machozi ya bandia. Konea kwa kawaida hujirudi ndani ya wiki moja hadi mbili. Lakini kuna dalili nyingine ya Ara-C inayoonekana machoni na haitoki machoni: macho kuchezacheza yenyewe kulia na kushoto, pamoja na ulimi mzito au kuyumba kama mlevi. Huo ni ubongo wa nyuma unaodhurika. Njia nyepesi ya kuuwahi ni kumwambia mgonjwa aandike jina lake kwenye daftari kabla ya kila dripu. Mwandiko ukiharibika kulinganisha na wa jana, nesi aambiwe kabla dripu haijafunguliwa.

Damu inayoonekana na isiyoonekana

Weupe wa jicho ukigeuka mwekundu kama wino uliomwagika, wenye ukingo wazi, bila maumivu na bila uoni kubadilika, ni damu iliyovuja chini ya ngozi laini ya juu ya jicho. Inatisha kuitazama, lakini hunyonywa ndani ya wiki moja hadi tatu, ikipita kwenye manjano kama alama ya ngumi. Haihitaji matone. Inahitaji FBP, kwa sababu inaweza kuwa tangazo kwamba chembe sahani zimekwisha.

Damu mbaya ni ya ndani, na kwa nje jicho ni jeupe safi. Mgonjwa anasema anaona doa jeusi katikati, nyuzi zinazoelea kama moshi wa sigara, au pazia. Mpeleke siku hiyo hiyo. Hospitali itapima damu, itapanua mboni na kutazama retina, na mara nyingi itaongeza chembe sahani. Madoa mengi ya damu kwenye retina hujisafisha yenyewe kwa wiki au miezi namba zikipanda; lililo katikati kabisa ya uoni ndilo linaloweza kuacha alama. Chembe sahani zikishatolewa kwa mchangiaji hukaa siku 5 tu, kwa hiyo hazirundikwi stoo. Kuwa na orodha ya ndugu na majirani walio tayari kuchangia kabla ya wiki ya siku ya 7 hadi 14, ukikumbuka kwamba mwanaume huchangia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4.

Wakati huo mgonjwa asisugue macho, asibebe ndoo, asijikaze chooni. Choo kigumu kiombewe dawa ya kulainisha, kwani vinkristini, dawa nyingine ya kemo, peke yake inatosha kukifunga. Asinywe diklofenaki, aspirini wala ibuprofeni. Zinaharibu kazi ya zile chembe chache zilizobaki. Baadhi ya dawa za mchanganyiko za mafua na kichwa zimefichwa aspirini ndani, hivyo soma boksi. Parasetamoli inakubalika, ila pima joto kwanza ndipo umeze, la sivyo utaificha homa.

Dawa nyingine, kwa ufupi

Prednisoloni na deksamethasoni za vidonge huleta mambo matatu kwa kasi tofauti. Sukari hupanda ndani ya siku chache, lenzi ya jicho inavimba, na uoni unakuwa wa ukungu unaobadilika leo na kesho. Kipimo cha sukari kinapatikana hata zahanati. Usikimbilie duka la miwani. Utanunua miwani ya sukari ya wiki hiyo. Subiri sukari itulie wiki 4 hadi 6. Presha ya jicho, ambayo kawaida ni 10 hadi 21, hupanda baada ya wiki kadhaa, bila maumivu, na inaua mshipa wa fahamu kuanzia pembeni. Hakuna dalili ya kusubiri, ni ya kupimwa tu. Mtoto wa jicho huja baada ya miezi, na mgonjwa hulalamikia zaidi jua na taa za magari usiku. Huondolewa kwa upasuaji damu ikishatulia. Kwa sababu yoyote kati ya hizi, usikatishe steroidi ghafla mwenyewe. Mwili uliozoea vidonge hivyo unaweza kuzimia.

Vinkristini hugusa mishipa ya fahamu: kope la juu linaning'inia, au mgonjwa anaona vitu viwili viwili, pengine na maumivu ya taya. Mwambie daktari kabla ya sindano inayofuata, na mtajie kila dawa ya fangasi anayomeza, kwani itrakonazoli na vorikonazoli huzuia ini kuiondoa vinkristini na sumu inaongezeka. Kuona viwili viwili hutulizwa kwa kufunika jicho moja. Kwa mtoto mdogo usimfunike jicho lile lile siku nzima bila ushauri, ubongo wake unaweza kulisahau.

Vorikonazoli yenyewe ina kioja chake. Nusu saa baada ya kumeza, rangi zinabadilika na mwanga unamemeta. Kwa kawaida hupita ndani ya saa moja, nayo haimaanishi upofu. Asipande bodaboda kama dereva saa hiyo.

Imatinibu, ambayo wagonjwa wengi wanaijua kwa jina la Glivec, hujaza maji kuzunguka macho. Asubuhi mtu ameamka kama aliyelia usiku kucha, mchana uvimbe umepungua. Punguza chumvi, lala na mito miwili, piga picha ya uso kila Jumatatu mahali pale pale ili ulinganishe. Kuacha dawa kwa sababu ya sura ni kosa kubwa. Ila uzito ukipanda kilo 2 au zaidi ndani ya siku chache, au pumzi ikiwa fupi, maji hayo hayako machoni tu, nenda hospitali.

Asparaginasi inaweza kugandisha damu ndani ya mishipa ya ubongo: kichwa kikali kinachozidi, kuona viwili viwili, degedege. Tretinoini, ya aina moja ya saratani ya damu iitwayo promayelositiki, inaweza kupandisha presha ndani ya fuvu hasa kwa watoto, na dalili zake ni kichwa, kutapika na uoni kupotea kwa sekunde akiinama. Asipewe vitamini A wala doksisaiklini juu yake. Methotreksati kwa kawaida hukereketa macho tu. Machozi ya bandia mara nyingi hutosha.

Maambukizi, na matone ya dukani

Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulizunguka jiji hili, na watu walidondosha kila kitu: chai ya rangi, maziwa ya mama, maji ya chumvi, hata mkojo. Mtu mwenye kinga anaweza kunusurika na majaribio hayo. Mgonjwa asiye na nyutrofili anaingiziwa bakteria moja kwa moja kwenye konea iliyokwisha kuchubuka.

Matone ya dukani nayo yana matatizo yake. Mchanganyiko wa deksamethasoni na jentamaisini hutolewa kama pipi, na ndani yake kuna ile ile steroidi tuliyoonya. Kloramfenikoli imehusishwa, kwa nadra sana, na uboho kushindwa kutengeneza damu, na maelekezo yake yanawakataza wenye matatizo ya damu. Dawa mbadala zipo, daktari achague.

Mtu wa nyumbani akipata macho mekundu, atengwe na mgonjwa hadi macho yatulie, kwa kawaida siku 10 hadi 14: taulo lake, foronya yake, rimoti asiiguse. Simu ndiyo husahaulika, wakati inapita mikononi na machoni kuliko taulo.

Mambo mawili hayasubiri asubuhi. Kwanza, mkanda wa jeshi usoni: upande mmoja wa paji la uso unawaka kwa siku moja hadi tatu, ndipo malengelenge yanatoka. Yakifika kwenye ncha ya pua, jicho liko hatarini sana, kwa kuwa mshipa mmoja wa fahamu unahudumia vyote viwili. Asiklovia, dawa ya kirusi hicho, ianze ndani ya saa 72, na kwa mgonjwa huyu mara nyingi ni ya dripu. Pili, fangasi weusi: pua imeziba upande mmoja, shavu limekufa ganzi, uso umevimba, jicho linatokeza, kuna gamba jeusi puani au kwenye kaakaa, na mara nyingi sukari iko juu kwa ajili ya steroidi. Hapo hesabu ni ya saa. Fungua mdomo wa mgonjwa umulike kaakaa kwa tochi ya simu. Usisubiri mtu mwingine afanye hivyo.

Saratani yenyewe ikiingia jichoni

Dawa nyingi hazifiki vizuri machoni na kwenye ubongo, kwa hiyo chembe za saratani zinaweza kujificha huko damu ikionekana safi. Utando mweupe uliotuama chini mbele ya mboni, kama tui lililokaa kwenye bakuli, kwa mtoto aliyemaliza matibabu unaweza kuwa ishara ya kwanza ya ugonjwa kurudi. Jicho linalotokeza nje kwa mtoto mwenye saratani ya damu ya mayeloidi linaweza kuwa uvimbe wa chembe hizo nyuma ya jicho. Uoni unaozimika ndani ya siku chache, rangi zikififia, unaweza kuwa mshipa wa fahamu umevamiwa. Huo hutibiwa kwa haraka kwa steroidi, kemo ya uti wa mgongo na mara nyingine mionzi. Na kwa mgonjwa mpya mwenye chembe nyeupe zaidi ya 100 kwenye karatasi ya FBP, ukungu wa macho pamoja na usingizi usio wa kawaida maana yake damu imekuwa nzito mno kupita kwenye mishipa midogo.

Nyumba ya Dar, vumbi na feni

Kemo inang'oa nywele za kope, na bila hizo vumbi la barabara linaingia moja kwa moja. Kwenye bajaji avae miwani ya kukinga upepo, hata isiyo na namba. Feni isielekezwe usoni usiku. Igeuze ipulize ukutani. Dawa ya mbu ya kuwasha ibadilishwe na neti, na jiko la mkaa likae nje. Maji ya kisima kirefu maeneo mengi ya jiji yana chumvi, nayo huzidisha ukavu. Kope zisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kipande kipya cha pamba kwa kila jicho, kutoka kona ya ndani kwenda nje. Wanja na kope za kubandika zisubiri. Lenzi za kuvaa jichoni, ziweke kando hadi daktari aruhusu.

Kwenda wapi, na useme nini

Anza na timu inayotoa kemo, iwe Hospitali ya Taifa Muhimbili kule Upanga au Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwa sababu ndiyo inayojua namba za damu. CCBRT Msasani ina huduma kubwa ya macho, lakini daktari wa macho anayempokea mgonjwa bila FBP wala orodha ya dawa anafanya kazi gizani. Beba daftari. Mboni ikipanuliwa kwa matone, uoni wa karibu unakuwa wa ukungu saa 4 hadi 6. Nenda na mtu wa kumshika mkono na miwani ya jua. Usisubiri dalili ili uombe kipimo cha kwanza: retina itazamwe mapema matibabu yakianza, na presha ya jicho ipimwe tena steroidi zikizidi miezi michache.

Siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, toka uende hospitali kwa uoni kupungua ghafla, doa jeusi jipya, kuona viwili viwili, jicho kuuma huku mwanga ukichoma, jicho kutokeza, malengelenge usoni, au jicho jekundu pamoja na joto la 38. Ukiwa Mbagala au Gongo la Mboto, kumbuka saa 9 usiku barabara ni nyeupe. Saa 1 asubuhi utakaa kwenye foleni na mgonjwa.

Ukipiga simu, usianze na "macho yanamsumbua". Soma kutoka kwenye daftari, kwa mpangilio huu: "Mgonjwa wa saratani ya damu, miaka 34, siku ya 9 tangu Ara-C ya dozi kubwa. FBP ya jana, chembe sahani 14, wekundu 7.1, nyutrofili 0.2. Jicho la kulia limeona doa jeusi katikati tangu saa 2 asubuhi, kalenda haisomeki, jana ilisomeka. Halina maumivu, si jekundu. Joto 37.4. Hajameza dawa ya maumivu. Tunatoka nyumbani sasa hivi, tufikie mlango gani?"